Mkono wa Mwenye Upinde

Waliomfahamu Katunge hawakushangaa tena kumwona kwenye foleni ya posta akikamua mkanda wa mkoba wake. Mkono wake wa kulia ukikosa kazi ulikuwa na tabia hiyo: unashika mkanda, unauvuta polepole kwenda chini, unaachia, unashika tena, kwa subira kubwa, kana kwamba mkoba ni ng'ombe mkaidi asiyetaka kuachia maziwa. Wageni walisogea pembeni. Wenyeji walimuuliza kama leo amepata lita ngapi.

Mkono huo wa kukamua haukuwa wake. Ulikuwa wa mtu aliyefuga ng'ombe kando ya ziwa ambalo siku hizi ni mchanga mtupu, na jina lake hakuna anayelijua. Katunge alimpokea alipovaa soksi kwa mara ya kwanza, akiwa bado msichana. Baadaye akaja mfinyanzi, na huyo ndiye aliyemharibia ugali, maana kila akishika mwiko mkono unataka kuinua ukuta wa chungu. Akaja msusi wa vikapu, ambaye hakuwahi kuona uzi unaoning'inia kwenye nguo ya mtu akaupita hivi hivi. Akaja mkwangua ngozi. Na wa tano, ambaye Katunge alimpenda kuliko wote, kazi yake haikujulikana hata na maprofesa. Mkono wake ulipenda tu kulaza vitu chini taratibu: mayai, vikombe, watoto wachanga wa watu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mvaaji. Unaingiza mkono ndani ya mfuko mrefu wa nyuzi unaofika begani, ambao kwenye karatasi una jina refu la kitaalamu na mitaani unaitwa soksi, na mtu aliyekufa zamani za kale anauchezesha mkono wako kama alivyouchezesha wake. Kazi ikiisha unavua soksi. Yeye haondoki na soksi. Kiasi fulani cha mwendo wake hubaki kwako maisha yako yote. Madaktari waliyaita mabaki hayo masalio, wakaweka sheria: mvaaji mmoja, watu sita, basi. Ukizidi hapo hawakuweza kukuahidi kwamba ukiamka asubuhi na kuunyoosha mkono kwenye kikombe cha chai, anayenyoosha ni wewe.

Katunge alikuwa amebakiza nafasi moja. Aliitunza kwa miaka, akakataa shoka, akakataa jembe, akakataa hata sindano ya mfupa iliyowatoa wenzake udenda. Alisema anangoja upinde, na sababu ya kungoja upinde ilikuwa ni mume wake.

Nzioka, siku za kazi, alikuwa fundi wa matangi ya maji. Siku za mapumziko alikuwa mwenyekiti wa klabu ya upinde, na katika klabu ile kulikuwa na ugomvi mmoja uliowazeesha watu. Wale wa kale kabisa walivutaje upinde? Wapo waliosema walibana kitako cha mshale kwa gumba na kidole cha shahada. Wapo waliosema hapana, walinasa upote, ule uzi wa upinde, kwa vidole vitatu. Ugomvi huo ulishavunja urafiki na, siku moja ya mwaka mpya, meza. Vigumba vya mawe, vile vichwa vya mishale, vilikuwa vimepatikana kwa wingi duniani, lakini jiwe halisemi lilirushwaje, na mti huozea ardhini au huliwa na mchwa muda mrefu kabla ya profesa kuzaliwa. Nzioka alikuwa mtu wa vidole vitatu. Aliapa kwamba hatakufa kabla ya kujua.

Kwa hiyo simu ilipoingia kutoka Pango la Ivia, kwamba chini ya tabaka la udongo wa chumvi umepatikana upinde mzima wa mti wa mkole, wa miaka elfu sita, ncha zote mbili zipo na hata kipande cha upote kipo, Katunge alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akakata simu, akatoka nje. Nzioka alikuwa juu ya ngazi, kichwa ndani ya tangi la jirani.

"Baba Ndanu," akaita, "umepatikana."

Mtu mzima wa miaka sitini alishuka ngazi ile bila kugusa vidato viwili vya mwisho.

*

Kambi ya Ivia ilikuwa na mahema, paneli za umeme na mbuzi watatu ambao hakuna aliyekubali kuwa wake. Profesa Dokata Guyo alimlaki Katunge kwenye gari. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa kutembea na mzito wa kuamua, na siku ile alionekana hajalala vizuri.

"Karibu, Mama Ndanu. Kabla hujala njoo uone kitu," alisema. Kisha akasita. "Au kula kwanza. Hapana, njoo."

Upinde ulilazwa ndani ya kioo, mweusi, mwembamba, umepinda kidogo tu. Katunge aliutazama akafurahi moyoni. Kando yake alikaa Ekal, fundi wa mtambo, mtu wa Lodwar asiyependa maneno mengi isipokuwa ukimuuliza kuhusu mtambo.

"Mweleze," Profesa akamwambia.

"Mama, kazi unaijua," Ekal akasema. "Mti kila ukipindwa, nyuzi zake za ndani zinapata ufa. Ufa mdogo sana. Tukiupasha mti joto kwa kipimo, nyufa zinajifunga, na zikijifunga zinasukuma kinyume. Mtambo unasikiliza ule msukumo, unajua mkono ulivutaje, soksi inafuata. Zikishajifunga zimejifunga. Ndiyo maana tunasoma mara moja tu."

"Hayo nayajua, mwanangu."

"Sasa tazama hapa."

Kwenye kioo cha mtambo upinde ulionekana mkubwa kama gogo. Katikati, tumboni mwake, kulikuwa na mistari myekundu, mirefu, iliyoingia ndani. Hiyo Katunge aliitambua mara moja: ni mvuto, mtu akivuta upinde kwa nguvu zake zote na kuachia mshale. Lakini juu ya ngozi ya mti, kuanzia ulipofungwa upote, kulikuwa na vumbi la buluu. Ekal alilikuza. Vumbi likawa nukta, nukta zikawa vipigo, vipigo vidogo visivyohesabika.

"Mwanzo nilidhani ni uchakavu wa kubebwa," Profesa akasema. "Halafu nikaona hii ncha. Unaona hayo mabonde mawili? Ni meno."

"Alikuwa anautafuna?"

"Alikuwa anaupiga. Anashika ncha kwa meno, shavu linakuwa ndio tumbo la chombo, na kwa kijiti anagonga upote." Profesa alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mama Ndanu, huyu mtu alivuta upinde huu kuua mara mia chache. Aliupiga kama chombo cha muziki labda mara laki moja."

Katunge alicheka kwa furaha. Alikuwa amekuja kumpokea mwindaji, kumbe amemkuta mtu wa ngoma. Ekal hakucheka, wala Profesa hakucheka, na ndipo Katunge akajua kuna jambo.

"Semeni basi."

Ekal akasema. Nyufa nyekundu zilikuwa ndani, zinahitaji joto kali ili zijifunge, na joto hilo lingeunguza nukta zote za buluu kabla hazijasomwa. Nukta za buluu zilihitaji mvuke kidogo na joto dogo, na mvuke huo ungeulainisha mti mpaka ndani, nyufa nyekundu zikalegea bila kusema lolote. Alishajaribu kwenye hesabu kila njia, nusu huku na nusu kule, ncha kwanza na tumbo baadaye. Mti ni mmoja, joto halikai upande mmoja.

"Kwa hiyo ni mvuto au ni wimbo," Profesa akasema. "Tusiouchagua, umekwenda. Na wewe unajua sheria: mkono ni wako, masalio ni yako, neno la mwisho ni la mvaaji. Sitakuficha, nimeshaandika kila mahali kwamba tutatoa mvuto wa kale kuliko wote uliowahi kujulikana. Makumbusho wamejenga ukumbi. Mlangoni wameshachora mwindaji."

"Wewe unataka nini, Profesa?"

Dokata Guyo alifikiri kwa uaminifu. "Asubuhi nataka mvuto. Nikishakula mchana nataka wimbo. Nimechoka kujiuliza, ndiyo maana nilitaka uone kabla hujala, ili nisiwe na njaa peke yangu."

*

Nzioka alifika kesho yake na gari la klabu. Kwenye kiti cha mbele alikuwa amekalisha kitu kirefu ndani ya blanketi, kimefungwa mkanda wa usalama. Alikifungua mbele ya kila mtu bila kuombwa. Ulikuwa upinde wa mkole aliouchonga mwenyewe kwa vipimo vya Ekal, nakala ya ule wa kale, kwa sababu mvaaji lazima ashike kitu na ule wenyewe haushikiki. Ulikuwa mzuri. Hata mbuzi walikuja kuunusa.

Katunge alimshika mkono akampeleka nyuma ya mahema, akamweleza. Alieleza yote bila kupamba, maana Nzioka hakupenda kuzungushwa.

Nzioka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Sasa unataka nikwambie nini?" akasema mwishowe. "Nikwambie chukua wimbo, nionekane mtu mwema? Mimi nataka mvuto. Nimeutaka tangu sijakuoa."

"Najua."

"Basi usiniulize."

"Sijakuuliza. Nakwambia nilivyofikiri, uniambie kama nimekosea." Katunge aliketi chini, miguu ameinyoosha. Mkono wake wa kulia ulishika kamba ya hema ukaanza kuisuka. Aliuzuia kwa wa kushoto. "Mshale wako ukienda kombo, nani anakwambia?"

"Mshale wenyewe. Unauona umeenda kombo."

"Kwa hiyo ukivuta vibaya leo, kesho unavuta tofauti."

"Mpaka upate."

"Na ukipata unajua umepata, hata kama hakuna mtu duniani aliyekufundisha."

Nzioka aliona anakopelekwa, akakunja uso. Katunge akaendelea taratibu. Mvuto una mwalimu wake mpaka leo: swala akikimbia umekosea, akianguka umepatia. Mti, upote, bega la binadamu, hivyo havijabadilika, na watu wa klabu wakikaa na upinde ule wa mkole miaka kumi watafika karibu na alipofika yule mtu, kwa sababu njia za kufika si nyingi. Lakini wimbo? Ukiupiga vibaya ni nani atakayekimbia? Hakuna kitu duniani kinachoweza kumwambia mtu kwamba hapana, hivi sivyo ulivyokuwa.

"Ukipotea huo," akasema, "hata tukae miaka elfu tunagonga vijiti, hatutajua."

"Lakini karibu siyo yenyewe, Katunge." Alimwita kwa jina, jambo ambalo alilifanya akiwa ameumia. "Tutafika karibu, sawa. Ila yeye, yeye mwenyewe, kama alibana au alinasa. Hatutajua."

"Hatutajua."

"Hata siku moja."

"Hata siku moja."

Hakumfariji, kwa sababu ulikuwa ukweli na alimheshimu. Nzioka aliinuka akaenda akakaa ndani ya gari, mlango amefunga. Katunge aliumia, maana alimpenda mtu yule kwa ubishi wake wote, na alikuwa anamnyima kitu ambacho hakuna mwingine angeweza kumpa. Alikaa palepale. Alijikagua kama anachagua wimbo kwa sababu utakuwa mtamu zaidi kukaa nao uzeeni, akaona kweli, sababu hiyo nayo imo. Akaipima na nyingine, akaona hata ikiondolewa bado angechagua vilevile.

Jua lilikuwa limepanda sana Nzioka alipotoka garini. Alikuwa na nakala yake mkononi.

"Si utahitaji upinde wa kugonga," akasema, akampa bila kumtazama. "Nimelegeza upote kidogo. Kwa kuvutia ulikuwa umekaza mno."

*

Soksi ilimkaza mpaka begani, baridi kama kawaida. Ekal alifungua mvuke. Ndani ya kioo upinde wa kale ulibadilika rangi kidogo, kutoka weusi kwenda hudhurungi, na Profesa akashika kiti kwa mikono miwili.

Mashine isingeweza kusoma mdomo wa mtu, wala mkono wa kushoto uliokuwa umeshika tu. Hivyo vilikuwa juu ya Katunge. Aliweka ncha ya nakala kati ya meno yake, akahisi ladha ya mti mbichi na mafuta ya mikono ya mumewe, akangoja.

Mkono wake wa kulia ulinyanyuka.

Alikuwa ameshapokea watu watano na kila mmoja alikuwa amekuja na uzito wake. Huyu alikuja mwepesi. Kijiti kiligusa upote mara mbili upesi, mara moja kwa kuchelewa, kisha kikatembea. Sauti ilitoka ndani ya shavu la Katunge, nyembamba na yenye mvumo, naye kwa kufungua na kufunga mdomo aliigeuza akijaribu, akikosea, akijaribu tena. Machozi yalimtoka, na hakuyapangusa kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi. Profesa alikuwa anacheka bila sauti.

Ghafla mkono ukasimama. Kijiti kilibaki hewani.

"Umekwama?" Profesa akauliza.

Ekal alitazama namba zake. "Haujakwama. Mtambo unasoma. Mkono ndio umetulia."

Kisha kijiti kikashuka, kikaendelea. Baada ya kitambo kikasimama tena hewani, na kikaendelea tena. Ilitokea hivyo mara nyingi, mahali tofauti tofauti, ila kimya chenyewe kilikuwa na urefu uleule kila mara, kifupi, kama mtu aliyekumbuka kitu akakisahau. Profesa alisema labda alikuwa anavuta pumzi. Ekal alisema pumzi haiji kwa mpangilio huo. Kwenye taarifa waliandika kwamba sababu haijulikani.

Mti ulipopoa, Ekal aliutazama tena kwenye kioo cha mtambo. Wekundu ulikuwa umekwisha, na buluu imekwisha. Upinde sasa ulikuwa kijiti tu kilichopinda. Katunge alipotoka nje alimkuta Nzioka amesimama karibu na hema, mahali ambapo mtu angeweza kusikia kila kitu, naye Nzioka akasema anatafuta mbuzi.

*

Wiki ile nyumbani ilikuwa ya ukimya wa adabu. Nzioka alipika chai, akaulizia bega la mke wake, akaenda kwenye klabu na kurudi mapema. Hakununa. Alikuwa tu kama mtu aliyehamishiwa chumba kingine ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Jumapili baada ya chakula walikaa barazani kumenya mbaazi, sinia moja kati yao.

"Umewaambia watu wa klabu?" Katunge akauliza.

"Nimewaambia. Mutisya amesema bora, maana wangejua, wangegombania nini." Alitupa ganda. "Nilicheka. Lakini inauma, Mama Ndanu. Sijakukasirikia wewe. Inauma tu, itapoa."

"Ikikataa kupoa?"

"Basi nitazeeka nayo. Wewe si umezeeka na ng'ombe wa posta?"

Katunge alicheka, na kwa kucheka akauachia mkono wa kulia. Ukucha wake ukagusa ukingo wa sinia mara mbili upesi, mara moja kwa kuchelewa. Ndiye huyo, alikuwa amefika. Ukatembea juu ya bati, ukapanda, ukashuka, na wala Katunge hakuuzuia. Aliuangalia kama mtu anavyomwangalia mgeni anayejikaribisha. Kisha ukasimama, kidole hewani.

"Eee," Nzioka akasema.

Hakuinua macho. Alisema hivyo huku anamenya, kama alivyosema maisha yake yote mtu akimsimulia jambo, kama mama yake alivyomwitikia baba yake. Kwao mtu hasimulii peke yake. Msikilizaji akinyamaza, msimuliaji naye hunyamaza, akijua hasikilizwi.

Kidole kikashuka, kikaendelea. Kikasimama.

"Eee," Nzioka akasema tena, na ganda la mbaazi likamkwama mkononi.

Kimya na neno vilikuwa na urefu mmoja. Mara laki moja mtu yule alikuwa ameketi mahali na upinde wake mdomoni, na mara hizo zote kulikuwa na mwingine kando yake, ambaye hakugusa mti wala hakuacha alama popote, na ambaye mtambo wowote wa dunia usingempata.

Nzioka aliisukuma sinia kando kidogo, akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akauinamia ule mkono.

"Endelea," akauambia. "Nipo, nakusikiliza."